Siku Nilipotoa Viti Nje

Nyuma ya nyumba yetu, karibu na bomba, palikuwa na sufuria niliyokuwa "nimeiloweka". Hilo ndilo neno ninalotumia ninapotaka kuficha kwamba sikuosha. Bukari, ugali wa kwetu, ilikuwa imeungulia chini, unga umeshika kama saruji, nami nikamimina maji na kujiambia kwamba ukoko ukilainika nitausugua ipasavyo, si kwa kulipua kama wanavyofanya wengine. Ukoko ulilainika. Kisha ukakauka tena. Kisha ukaota kitu cha kijani, laini kama manyoya ya kifaranga, na tangu hapo sikuweza kuitazama ile sufuria ana kwa ana. Nikienda chooni nilizunguka upande wa pili wa nyumba.

Nawadharau watu wanaosema "anza tu". Wanalisema kwa uso wa mtu anayekupa zawadi. Kwao sahani chafu ni sahani chafu: unaishika, unaiosha, unaiweka. Kwangu sahani haiko peke yake. Ili niioshe nahitaji sifongo, na sifongo lenyewe lina mafuta ya juzi, kwa hiyo lioshwe kwanza. Lakini beseni la kuoshea sifongo lina utando wa sabuni pembezoni, na mimi siwezi kusafisha kitu ndani ya kitu kichafu, huo ni upuuzi. Basi kwanza beseni. Na beseni linataka maji, na maji ya bomba mtaani kwetu Bel-Air huja alfajiri, tena yakipenda. Nikifika kwenye sahani jua limeshapanda, roho imeshachoka, na mkono wangu haujagusa kitu. Mtu akipita ananiona nimekaa kwenye ngazi ya mlango, anasema: mvivu yule. Mvivu hupumzika. Mimi sikuwa napumzika hata kidogo.

Nilitafuta msaada kwenye simu, na huko nikakuta dharau yangu ikipata chakula cha kutosha. Mwanaume mmoja wa nchi ya mbali, jiko lake jeupe kama zahanati, anafungua bomba na maji yanatoka. Yanatoka tu, saa yoyote, na ya moto. Anatabasamu, anasema siri ni kugawa kazi katika vipande vidogo vidogo. Nilimtazama mpaka umeme ukakatika na chaji ikaisha. Vipande vidogo! Shida yangu yote ni kwamba naviona vipande vidogo, vyote, kwa wakati mmoja.

Kazi yangu nimejifundisha mwenyewe. Napanga kadi za harusi, programu za misa na matangazo ya vifo kwenye kompyuta ya zamani, chumbani kwangu. Naweza kusogeza ua moja dogo kwenye kona ya kadi tangu asubuhi hadi mchana, kushoto kidogo, kulia kidogo, na mwenye harusi akija analia furaha. Hajui kwamba wakati ule ua lilipokuwa likitafuta mahali pake, mimi nilikuwa nakula mkate mkavu juu ya gazeti kwa sababu nyumba nzima haikuwa na sahani safi.

Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita basi, alikuwa na dawa yake.

"Kijana, oa muke," aliniambia kila mara kutoka upande wa pili wa ukuta. "Masahani itaisha."

"Na akiwa kama miye?"

"Mwanamuke hawezi kuwa vile!"

Nilimdharau kwa moyo wote. Kila asubuhi alifagia mbele ya nyumba yake mpaka udongo mwekundu ukabaki na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa, na takataka zote akazisukuma kwenye mfereji, mbele ya lango letu. Nyuma ya nyumba yake, ambako barabara haioni, kulikuwa na lundo lenye panya wanene kuliko paka wa mtaa. Huo ndio usafi wa hapa kwetu: mbele kwa ajili ya macho, nyuma kwa ajili ya panya. Mimi angalau nilikuwa mchafu pande zote. Sikudanganya mtu.

Isipokuwa Kambo. Yeye nilimdanganya kila asubuhi.

Kambo ni nyanya yangu, mama wa marehemu baba. Nyumba ni yake. Ameishi humo tangu babu, mtu wa kaskazini ya Katanga aliyefanya kazi kwenye reli, alipoijenga, na amenilea ndani yake. Kama kambo wote wa mji huu, ananiita mume wake kwa utani. Majira ya vumbi yalipoanza aliteleza karibu na bomba, pale pale nilipokuwa nikiloweka vyombo vyangu, akaumia nyonga. Haikuvunjika. Lakini shangazi yangu alikuja na gari lake, akatazama bomba, akatazama sufuria, akanitazama mimi, akampeleka Kambo nyumbani kwake Makomeno "mpaka apone".

Alipona. Alianza kutembea na fimbo, akaomba kurudishwa. Hapo ndipo shangazi alipotoa neno lake: Jumamosi atakuja Bel-Air kutazama. Akiikuta nyumba inafaa kukaliwa na mzee, atamrudisha. Akiikuta kama alivyoiacha, Kambo atabaki Makomeno moja kwa moja, nyumba itawekwa wapangaji, na mimi nitafute chumba cha kulowekea sufuria zangu.

Nyumba ya shangazi naijua. Viti vimevaa plastiki. Kabati la kioo lina sahani ambazo hakuna aliyewahi kulia. Kambo hakuruhusiwa kuwasha mbabula, lile jiko la makaa, wala kukaa nje, wala kuota jua kwenye ngazi, kwa kuwa majirani wangesema mzee hatunzwi. Alikaa mbele ya televisheni kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Kila asubuhi alinipigia simu kwa sauti ya chini, kama mwizi.

"Bwana yangu, nyumba iko?"

"Iko, Kambo."

"Na sakafu?"

"Inang'aa."

"Minataka kukufa nikiiona," alisema siku moja, akakata simu.

Sakafu ya saloni yetu, yaani sebule, ni saruji nyekundu, ile ya nyumba za zamani. Zamani Kambo aliipaka nta nyekundu kila Ijumaa, kisha akaisugua kwa kipande cha blanketi. Nilipokuwa mdogo mimi ndiye nilikuwa uzito: nilikaa juu ya blanketi, yeye akashika ncha, akanivuta chumba kizima akiimba nyimbo za kanisa, na sakafu ikawaka mpaka ukaona meno yako ndani yake. Tangu aondoke sakafu ilikuwa rangi ya ini lililokaa juani.

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya ukaguzi, nikaamka na nguvu. Nazijua nguvu hizo na siziamini, lakini sina nyingine. Mtu mwenye akili angeanza na vyombo. Mimi niliamua kwamba vyombo ni aibu ndogo, sakafu ndiyo nyumba. Tena sakafu haiwezi kupakwa nta huku viti viko juu yake, hilo kila mtu anajua isipokuwa wale wanaozunguka miguu ya viti kwa kitambaa na kujiita safi. Nikatoa kila kitu. Viti vikubwa vya mito, meza, kabati, televisheni, mkeka. Nikavipeleka mbele ya nyumba, uani, kwa kuwa nyuma palikuwa pamejaa vyombo. Nikashusha mapazia ili niyaloweke. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya Kambo ndani ya fremu, amevaa kitambaa cha kanisa, macho makali. Kioo chake kilikuwa na vumbi. Nikaishusha pia, nikaiegemeza kwenye kiti kimoja, uso kuelekea barabara, ili niifute kwenye mwanga.

Sikuifuta. Nilikumbuka pembe ya saloni, pale lilipokuwa limesimama kabati. Nta ya miaka mingi ilikuwa imejikusanya hapo, nyeusi, ngumu. Ukipaka nta mpya juu ya nta chafu unafanya kile ninachomdharaulia jirani. Nikachukua wembe, nikapiga magoti, nikaanza kukwangua. Nikaweka vidude vya simu masikioni, yule mwanaume wa jiko jeupe akaniambia nisherehekee kila ushindi mdogo. Nilikwangua. Saruji ikatoka chini, nyekundu mbichi, nzuri kama siku ilipomwagwa. Lo, ilikuwa nzuri. Kando yake palionekana pabaya zaidi, nikasogea. Sikuhisi njaa. Vumbi la nta liliniingia machoni, nikayasugua kwa vidole vyenye sabuni, yakawa mekundu na kutoa machozi. Nilipoinua kichwa mwishowe, nilikuwa nimesafisha mahali pa kumlaza mtoto mchanga, na mlangoni alisimama jirani yangu, mikono juu ya kichwa, mdomo wazi.

Nikatoa kidude kimoja sikioni.

"Mawe! Mawe weee!" alikuwa akilia, kama wanavyolia wafiwa wa kwetu. "Kambo! Unatuacha na nani!"

Asiye wa mji huu inabidi aambiwe kilichotokea. Kwetu mtu akifa, kitu cha kwanza ni kutoa viti nje. Saloni huachwa tupu, wanawake wakae chini na kunyoosha miguu, wanaume wakae uani. Hakuna anayetuma ujumbe. Anayepita akiona viti vya ndani viko nje anajua ni kilio, anaingia. Mimi nilikuwa nimetoa viti, nimeshusha mapazia, na nimeweka picha ya mzee mgonjwa kitini ikitazama barabara. Mimi ninayetengeneza matangazo ya vifo nilikuwa nimetengeneza moja kubwa kuliko yote, na bila kosa hata la nafasi.

"Mama, hapana," nikasema. "Hakuna muntu alikufa. Kambo hayakufa!"

Alinitazama macho yangu mekundu, wembe mkononi mwangu. Akauchukua ule wembe taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto.

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo. "Njo vile inaanzaka. Hata miye, bwana alipokufa, nilisema vile vile. Lia, kijana, lia."

"Ninapaka nta!"

"Eyo, eyo. Nta."

Akajitupa chini, juu ya sehemu yangu nzuri, akalia. Nyuma yake waliingia akina mama wa shirika, lile kundi la sala la mtaa, vitambaa vimefungwa kiunoni, kila mmoja na kilio chake. Nilimweleza wa pili, nikamweleza wa tatu. Wa tatu alimgeukia wa nne akasema, "Muache. Haiko tena mu akili yake." Nje wanaume walikuwa wameshavipanga viti vya Kambo kwa duara na kukalia. Mmoja alikokota gogo la moto wa kilio. Mzee wa shirika alinishika bega, akaniuliza kwa huruma kubwa:

"Tangazo, utatengeneza weye mwenyewe ao tutafute mutu mwingine?"

Niwe mkweli hapa, maana nikidanganya sina sababu ya kuandika. Ningeweza kumaliza mambo kwa simu moja. Ningempigia Kambo, ningeweka sauti ya juu, ningesema sikieni mfu wenu. Nilikuwa na simu mfukoni. Niliishika kabisa. Halafu nikasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba.

Ilikuwa sauti ya sufuria ikisuguliwa kwa mchanga.

Nilikwenda mpaka dirisha la jikoni, nikachungulia. Wanawake wawili wa shirika walikuwa wamepandisha vitenge, wameketi kwenye vigoda, na mbele yao vyombo vyangu vyote. Mwanamke wa tatu alileta maji kutoka kisima cha majirani. Hawakuosha beseni kwanza. Hawakuosha sifongo. Walichota mchanga, wakasugua, wakasuuza, wakarusha juu ya bati kukauka. Sahani zililia tu, tang, tang. Nikarudisha simu mfukoni.

Nilijidharau, ndiyo. Lakini niliwadharau wao zaidi, na dharau hiyo ilikuwa tamu. Wanawake hao hao walikuwa wakipita kila Jumapili na kukunja pua. Hakuna aliyewahi kusema, leta nikusaidie sahani moja. Mtu akiwa hai na kazi imemshinda, anapewa ushauri. Akifiwa, anaoshewa sufuria. Basi osheni, nilisema moyoni. Osheni vizuri. Hata ile ya kijani.

Waliifikia ile ya kijani.

"Mungu wangu, ona hii!"

"Inaota nyama?"

"Inaota nywele. Tazama, inaweza kusukwa."

Wakacheka chinichini, wakakumbuka wako kilioni, wakanyamaza. Kisha mmoja, mwembamba, bila kucheka, akasema:

"Njo hii ilimuua mama wa bantu. Aliteleza hapa hapa. Mutoto anakaa mu kompyuta, kambo anateleza mu buchafu yake."

"Muache, ataisikia."

"Asikie. Juu ya nini ataishi na muzee, kama hawezi hata kuosha kopo?"

Niliondoka dirishani. Utamu wote uliisha. Hakuwa mjinga yule mwanamke, na hakuwa amesema jambo ambalo mimi sikuwa nimeshajiambia. Kilichoniuma ni kwamba alisema kesi yangu yote ya Jumamosi kwa maneno machache, huku akisuuza, na alikuwa sahihi, na sufuria mkononi mwake ilikuwa imeshang'aa.

Nilitoka mbele nikiwa nimeamua kusema ukweli kwa sauti. Nilisimama kando ya picha ya Kambo. Nikafungua mdomo. Hapo gari la shangazi likasimama langoni.

Nilikuja kuelewa baadaye. Jirani yangu, kati ya kilio kimoja na kingine, alikuwa amempigia shangazi kumpa pole kwa kifo cha mama yake. Shangazi aliipokea simu akiwa mezani, akimtazama mama yake anakula samaki na kutoa miiba mdomoni. Nadhani katika maisha yake yote hakuwahi kupata aibu kama hiyo, kwamba majirani wa Bel-Air wajue habari za mama yake kabla yake. Akamtia Kambo garini vilevile alivyokuwa, na kandambili, ili kuonyesha mtaa mzima.

Shangazi alishuka kwanza, mkoba kwapani.

"We papa!" aliniita. "Unamuzika mama yangu, na eko mu table anakula?"

Wanaume walisimama. Kisha mlango wa pili ukafunguka, ikatoka fimbo, ukatoka mguu, akatoka Kambo.

Mzee wa shirika alifanya ishara ya msalaba, akaifanya tena. Kutoka ndani wanawake walitoka kutazama kwa nini kilio cha nje kimekatika. Wa kwanza alipomwona akapiga yowe na kurudi ndani kwa nguvu, akawaangusha waliokuwa nyuma yake. Mwembamba wa sufuria alikuja mbio kutoka nyuma, akamwona Kambo, akakaa chini pale pale kwenye vumbi, sufuria yangu mapajani.

Kambo alitembea taratibu katikati ya viti vyake. Alitazama duara, gogo, watu. Alisimama mbele ya picha yake.

"Munaniweka karibu na televizyo," akasema. "Hata mushumaa hakuna."

Hakuna aliyecheka bado.

"Nani alilia sana?"

Watu walimsukuma jirani yangu mbele. Uso wake ulikuwa umevimba kabisa. Hakuwa akiigiza, hilo ilibidi nilikubali, ingawa sikutaka.

"Ulisema nini?" Kambo akamuuliza.

"Nilisema... unatuacha na nani."

"Eyo. Ni muzuri." Akakaa kwenye kiti kilichokuwa chake siku zote, kile chenye alama ya kichwa chake kwenye mto. "Endelea."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na wanaume wakacheka mpaka wakashikana. Shangazi peke yake hakucheka. Aliingia saloni, nikamfuata. Alitazama chumba kitupu, madirisha bila mapazia, sakafu yenye rangi ya ini, na pembeni kile kipande changu kidogo chekundu, kilichokaliwa na makalio ya watu.

"Njo hii ulifanya? Tangu asubuhi?"

"Eyo, Tantini."

"Kipande hii."

Kwa mara ya kwanza niliiona kazi yangu kama alivyoiona yeye: mtu mzima, siku nzima, wembe mmoja. Alitoka nje, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, umeona. Nyumba haiko nyumba. Mutoto eko mugonjwa wa kichwa. Tuende."

"Tuende wapi?"

"Ku Makomeno. Ku kwangu."

Kambo aliegemeza fimbo kwenye kiti, akakunja mikono.

"Mufu anatokaka ku kilio yake?"

"Mama, hakuna kilio!"

"Bantu bote hawa banafanya nini? Viti iko nje. Saloni iko tupu. Banalia, banaosha masahani. Ulisikia wapi mufu anaacha bantu yake anaenda kulala ku nyumba ya mutoto yake? Weye njo mutoto ya mufu. Kaa chini ulie na benzako."

Watu walishangilia. Niliona uso wa shangazi ukibadilika, na nilielewa kwamba Kambo hafanyi mzaha, kwamba amekuwa akitafuta mlango wa kutokea Makomeno kwa siku zote hizo na sasa mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimemfungulia. Mbele ya majirani wote hao shangazi hakuweza kumvuta mama yake kwa nguvu. Macho ya watu ndiyo aliyoyaheshimu kuliko kitu kingine chochote, na siku hiyo macho hayo yalikuwa upande wetu.

"Nitarudi," alisema. "Nitatazama."

"Uje," Kambo akajibu. "Ulete samaki. Ile ya leo sikuimaliza."

Gari lilipoondoka alinigeukia mimi.

"Nta iko wapi?"

Ilikuwa dirishani, kopo zima, ile inayoletwa na wafanyabiashara wa Mokambo, mpakani. Wanawake hawakungoja niseme. Waliona aibu ya kulia bure, wakataka ifae kitu. Wakaifungua, wakaichota kwa vitambaa, wakaipaka juu ya kila kitu: juu ya nta kuukuu, juu ya uchafu, juu ya kipande changu. Nilisema, "Ngojeni, kwanza inakwanguliwa!" na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Mwembamba alikata blanketi kuukuu, akaweka vipande chini ya miguu yake, akaanza kuteleza huku na huku akiimba wimbo ule ule waliokuwa wakimwimbia marehemu. Wengine wakamfuata. Walikuwa wakisugua na kusengenya kwa pumzi moja. Pembe ziliachwa. Chini ya dirisha kulibaki michirizi. Ilikuwa kazi mbaya, ya kulipua, kila kitu ninachokidharau. Na sakafu ikang'aa. Kambo, mlangoni kwenye kiti chake, aliinama mbele na kutazama meno yake.

Nilisimama pale na hasira ya kweli. Ningeweza kuwaonyesha michirizi yote.

Wageni walikunywa chai, wakaondoka wakicheka. Kambo alitaka kuingia ndani. Niliingiza kiti chake kimoja, cha kwake tu. Vingine nikasema kesho, kwa kuwa miguu yake ilikuwa na vumbi na ilibidi kila mguu ufutwe kabla haujakanyaga nta mpya.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi viti vilikuwa bado nje; shangazi hakuja, alikuwa ameshatazama. Na kwa kuwa viti vilikuwa nje, watu waliendelea kuja. Safari hii ni wa mbali: wazee wa kikundi cha watu wa kaskazini, wajane wa reli, mwanamke aliyesafiri na kuku mkononi. Walilia tangu langoni. Kambo aliwapokea akiwa amekaa katikati ya saloni tupu, juu ya sakafu yake.

"Ingieni," aliwaambia. "Miye njo mufu."

Walipomaliza kupiga mayowe walikaa, wakala, wakacheka, na kila kundi lilipoondoka liliacha sahani. Nilizitazama sahani zile zikijikusanya karibu na bomba. Nikaanza kuhesabu kichwani: sifongo, beseni, maji. Kundi jingine lilikuwa langoni likianza kulia.

"Bwana yangu," Kambo aliniita. Alikuwa ameegemea fimbo, macho yamechoka. "Minachoka kufa. Ingiza viti."

"Nifute miguu kwanza, Kambo."

"Ukifuta, nitakufa tena na hawa. Na wengine nyuma yao. Ingiza."

Niliingiza viti. Nilivibeba kimoja kimoja mbele ya wale wageni waliokuwa langoni wamenyamaza na kilio chao mdomoni, wakaona viti vinarudi ndani, wakaelewa. Kila mguu wa kiti uliacha duara dogo la vumbi jekundu juu ya nta. Niliyaona yote. Mpaka leo naweza kuonyesha kila moja mahali lilipo, na nikipita juu yake nalitazama kwa dharau, kisha naenda bombani kuosha kopo la Kambo kabla hajaliomba, katika beseni lenye utando wa sabuni.